Sindano ya Tatu

Elerai, mchana

Naserian mwanangu,

Umetoka hapa saa nne kwenda Kimandolu kusuka, na kwa ninavyokujua wewe na msusi wako, saa kumi na moja itawakuta bado mnapiga soga na upande mmoja wa kichwa haujaguswa. Sawa tu. Leo nimefurahi, maana nina mchana wote wa kuandika. Mama yako anajua ninaandika nini. Nilimwambia jana. Alimaliza chai yake, kisha akaenda kwenye begi lako, akatoa daftari moja jipya na kalamu, akaniwekea mezani. Kwa hiyo ukiona daftari limepungua, usimsumbue mtu.

Mambo ya shuka, ya sabuni, ya nani umpigie ukifika Morogoro, hayo mama yako amekujaza masikioni wiki nzima na mimi sina la kuongeza. Mimi nina jambo moja. Limekuwa refu kwa sababu nimelichelewesha miaka tisa. Nitakupa barua hii mkononi ukirudi, na nataka uisome leo, si kesho ndani ya basi mkiwa mmeshapita Moshi. Mbele utaelewa kwa nini.

Jumapili, mchungaji alipokuita mbele usharika ukuombee safari, ulishika kipaza sauti kama mtu aliyezaliwa nacho. Ulisema unakwenda kusomea udaktari wa mifugo kwa sababu ulipokuwa darasa la tano ulimwona baba yako akimponya farasi anayeitwa Kahawa kwa sindano tatu. Ukasema mwenzake, Mvua, alikufa kwa kukosa sindano ya tatu, na wewe unataka kuwa daktari ambaye kwake hakuna mnyama atakayekosa ya tatu. Watu wakapiga makofi. Mama mmoja nyuma yangu akapiga vigelegele. Na mimi, mtu mzima hovyo, nikatabasamu na kuangalia chini kama mnyenyekevu.

Si kweli, mwanangu. Sindano zile hazikumponya Kahawa, na ile ya tatu isingemwokoa Mvua. Farasi wale wawili waliugua kwa sababu yangu mimi.

Haya, nimeshaandika. Nimetoka nje kidogo nikazunguka nyumba, nimerudi, na maneno bado yapo.

Ili ulielewe kosa lenyewe lazima nianzie kwa ng'ombe, maana lilitoka kwa ng'ombe. Mimi nimekua nikichunga, hilo unalijua, nimekuchosha nalo. Kitu kilichokuwa kinatumaliza siku zile ni ndigana. Kupe anamuuma ndama, ndama anavimba tezi, anahema, baada ya siku chache unamchimbia shimo. Mwaka mwingine babu yako alibaki na ndama wawili tu kati ya wote waliozaliwa. Chanjo ya ndigana ilipofika kwetu aliikataa, akaisema vibaya sana, halafu jirani alipoona faida naye akakubali. Mimi ndiye niliyekuwa nawashika ndama. Wataalamu walitueleza wenyewe kwamba ndama anaweza kupata joto kidogo baada ya siku kadhaa, tusiogope, na kwamba akishapona ana kinga ya miaka mingi, pengine ya maisha yake yote. Kisha wanampiga hereni sikioni ijulikane ameshachanjwa. Sisi bomani tulilifanya hilo kuwa msemo: akipata joto, imeshika. Na kwa ndama ilikuwa kweli tupu. Babu yako alikufa akiwa na zizi lililojaa.

Basi nikaingia kwenye kazi ya farasi na akili hiyo ya ng'ombe, na kwa miaka mingi ilinisaidia. Mnyama ni mnyama, nilikuwa nasema. Hata wewe nimekufundisha hivyo.

Mwaka ule wa darasa lako la tano, mwezi wa kwanza, mama mwenye shamba ninakofanyia kazi alinunua farasi wawili kutoka upande wa Kenya. Walivuka Namanga kwa lori, siku mbili wamesimama, wakafika kule shambani juu ya Ngaramtoni wanakohoa, makamasi yanawatoka, hawataki hata majani mabichi. Mmoja ni Kahawa, jike lenye rangi ya jina lake. Mwingine ni Mvua, yule dume wa kijivu uliyekuwa unampelekea vipande vya miwa ukidhani sikuoni.

Akaitwa Dokta Aikande, huyuhuyu anayetuhudumia mpaka leo. Alikuja na kisanduku cha barafu, ndani yake chupa sita ndogo kama kidole, tatu za Kahawa na tatu za Mvua. Dawa ya kuamsha kinga, alisema, kwa farasi waliochoshwa na safari. Ya kwanza alipiga mwenyewe, siku ileile. Ya pili ilikuwa siku ya tatu, na ya mwisho siku ya kumi, hizo alituachia sisi. Mimi nikamuuliza kama ni chanjo. Aliniangalia, akajua anaongea na mchungaji wa ng'ombe, akanieleza kwa lugha yangu.

“Hii inawaamsha mbwa wa boma,” alisema. “Wanabweka, wanakimbiza chochote kinachosogea, siku chache, labda wiki mbili tatu, halafu wanalala tena. Haiwafundishi kumjua fisi. Chanjo ndiyo inayowaonyesha mbwa sura ya fisi, na hiyo siwapi leo kwa sababu wanaumwa. Wakipona nipigie, nije kabla ya masika.”

Fisi aliyemtaja kwa farasi ni ile homa inayoletwa na usubi, wale wadudu wadogo wanaouma kuanzia jua likielekea kuzama. Sisi zizini tunaiita tauni ya farasi. Haina dawa. Farasi ambaye hajachanjwa ikimkuta unabaki kumwombea. Dokta akachukua chaki akaandika namba yake ya simu nyuma ya mlango wa stoo ya pumba, tarakimu kubwa, akaniambia tena: wakipona, piga.

Naserian, mimi nilisikia habari ya mbwa. Habari ya fisi iliingia sikio hili ikatokea lile.

Wiki ileile mama mwenye shamba akasafiri kwao kumuuguza baba yake, akaniachia shamba. Mara yangu ya kwanza kuwa msimamizi, unaweza kuwaza nilivyovimba kichwa. Nilikuwa na Lomayani. Yeye si mfanyakazi mwenzangu tu, ni rika langu. Tuliingia jandoni msimu mmoja, na kwa desturi yetu watoto wangu ni watoto wake na wake ni wangu, hakuna cha kuulizana. Na mikono yake! Ng'ombe wa mtu akishindwa kuzaa, watu walikuwa wanaruka nyumba tano na wataalamu wawili kumfuata Lomayani. Farasi mwenye kisirani alikuwa anatulia kwa kusikia kikohozi chake tu.

Tulipiga sindano za pili, siku ya tatu kama tulivyoambiwa. Kesho yake Kahawa akapata joto, shingo ikavimba kidogo palepale pa sindano, akasimama nusu siku bila kula. Mtu mwingine angeingiwa na wasiwasi. Mimi nilicheka kwa furaha. Nikamwambia Lomayani, imeshika. Ningekuwa na hereni ningempiga sikioni siku hiyo.

Siku ya kumi mimi nikampiga Kahawa ya tatu. Lomayani akawa anamwandaa Mvua, mara ndoo ikaanguka huko nyuma, Mvua akashtuka akanyanyua miguu ya mbele, chupa ikamtoka Lomayani mkononi ikapasukia kwenye sakafu. Lomayani aliinama akaanza kuokota vipande kimoja kimoja. Alitaka tumpigie Dokta tuombe nyingine. Na hapa uniangalie vizuri: mimi ndiye niliyemwambia aache. Nilisema mbili zinatosha.

Farasi wakapona. Kikohozi kikaisha, manyoya yakang'aa, wakaanza kukimbizana. Pengine sindano iliwasaidia kwa hicho kikohozi, pengine ni mapumziko na majani mazuri, mimi sijui na sitajifanya najua tena. Kila asubuhi nilikuwa nafungua stoo ya pumba, naiona ile namba, nafunga. Sikupiga. Simu ilikuwa na chaji na vocha ilikuwepo. Mwaka ule ungeniuliza ningekupa sababu kumi. Sababu ni moja. Nilishatangaza kwenye kila kijiwe cha kahawa pale Ngaramtoni kwamba farasi wapya nimewachanja mimi kwa mkono wangu, na kumwita Dokta awachanje kungekuwa ni kukiri kwamba sikuwa nimewachanja. Unaona upuuzi? Kuuliza si ujinga, wanasema. Mimi niliona hata kupiga simu ni ujinga.

Masika yakaja mapema na kwa nguvu. Amri ya pale, tangu kabla sijaajiriwa, ni kwamba mvua zikianza farasi wote wanakuwa ndani saa kumi jioni, neti madirishani, hawatoki mpaka jua limepanda. Wale wanne wa zamani, ambao huchanjwa kila mwaka, niliwaingiza. Hao wawili wapya majani yalikuwa yamewanogea. Lomayani alikuja na hatamu mbili mabegani, akaniuliza, na hawa je?

“Hawa wana sindano,” nilimjibu. “Waache wale.”

Aliziangalia zile hatamu, akazitundika. Mimi ndiye niliyekuwa msimamizi.

Tuliwaacha nje hivyo siku nyingi. Siku moja asubuhi nikamkuta Mvua amesimama na shingo ameinyoosha, anavuta pumzi kwa mwili mzima. Mchana povu jeupe lilikuwa linamtoka puani, jingi, na kabla ya saa kumi alikuwa amelala chini na Lomayani amempakata kichwa. Wewe ulikuja kutoka shule ukamkuta hivyohivyo. Nilijaribu kukuzuia mlangoni, ukapita chini ya mkono wangu. Siku mbili baadaye Kahawa naye akavimba juu ya macho, yale mashimo aliyonayo kila farasi pale yakajaa kama mtu ameyapuliza hewa, na joto likapanda.

Dokta Aikande aliuliza swali moja tu, kwa nini hukunipigia. Nikamwambia namba ilifutika. Akaondoka taratibu akaenda kufungua mlango wa stoo. Namba ilikuwepo, tarakimu kubwa. Alirudi, hakunisema. Laiti angenitukana. Alimshughulikia Kahawa, na alipokuwa ananawa mikono akaniambia, “Sindano ya tatu haihusiki hapa. Zote tatu zisingeuzuia ugonjwa huu. Mwambie mwenzako, maana naona anajilaumu.”

Nikasema nitamwambia.

Mama mwenye shamba akapiga simu kutoka kwao, analia, anauliza imekuwaje. Nikamweleza kwamba dawa ilikuwa na sindano tatu, kwamba ya tatu ya Mvua ilivunjika mikononi mwa Lomayani, kwamba Mvua amekufa na Kahawa aliyepata zote bado anapumua. Hebu soma tena hayo maneno uone kama kuna hata moja la uongo. Hakuna. Nilichukua mambo ya kweli manne nikayapanga mstari mmoja, na yule mama akajazia uongo mwenyewe. Sikumsukuma. Niliacha tu simu ikatike.

Kisha Kahawa akapona, na hilo ndilo lililonimaliza. Angekufa naye, kila mtu angeuliza kosa liko wapi. Alipona. Baadaye Dokta aliniambia wapo wachache wanaopona na mara nyingi hata madaktari hawajui kwa nini huyu na si yule, ni mwili wake, ni aina ya ugonjwa ilivyomshika, ni bahati. Wewe ulikuwa unambebea maji ya vuguvugu kwa ndoo ndogo ya bluu, unakaa naye mpaka anakunywa, na mimi nikikuangalia nilikuwa najiambia kwamba angalau kuna mtu mmoja mkweli hapa zizini. Lakini watu walitaka hadithi, na hadithi ilikuwa tayari: aliyepata tatu amepona, aliyepata mbili amekufa. Mama mwenye shamba akawa anawasimulia wageni wanaokuja kupanda farasi. Wageni wakawa wananipa mkono. Wewe ukaipeleka shuleni. Nikaanza kuisikia kutoka kwa watu nisiowajua.

Lomayani aliacha kazi mwezi uleule. Hakuna aliyemfukuza. Alikuja tu asubuhi, akatundika buti zake, akasema anarudi shambani kwake kulima. Nikamwambia fikiri vizuri, rika langu. Neno moja lingetosha, neno la Dokta, nalo nilikuwa nalo mdomoni. Nilimsindikiza mpaka barabarani nikiwa nalo mdomoni.

Sasa nafika penye uchungu zaidi kwangu, na pengine kwako.

Unakumbuka mnada wa Ngaramtoni, mwaka uliofuata? Tulikuwa watatu, mimi, wewe na mama yako, tukakutana na Lomayani uso kwa uso kwenye upande wa mbuzi. Wewe tangu umeanza kutembea, kila rika la baba yako ukikutana naye unainamisha kichwa akuguse utosini, hata ukiwa umenuna unainamisha. Lomayani alishanyoosha mkono. Ukamwangalia, ukapita. Mkono wake ulibaki pale hewani, kisha akaupeleka kwenye kofia yake kana kwamba ndiko ulikokuwa unakwenda. Nyumbani kwangu mtoto anayempita mtu mzima bila salamu anajua kitakachompata. Siku ile sikukusema. Mama yako alinigeukia kunishangaa, na mimi nikaulizia bei ya beberu.

Ulikuwa na miaka kumi na miwili, ulimpenda Mvua, na ulikuwa umeambiwa mtu huyu ndiye aliyemuua. Kosa halikuwa lako. Tangu siku ile umemkwepa, kanisani, njiani, msibani kwa bibi yako. Nimeona kila mara. Jumapili hii, ulipokuwa unasema habari ya sindano ya tatu na watu wakapiga makofi, niligeuka nyuma sijui kwa nini. Lomayani alikuwa benchi la mwisho. Alikuwa anapiga makofi, Naserian. Anakupigia wewe makofi, uso wake umefurahi kabisa.

Sijalala vizuri tangu Jumapili. Leo asubuhi kabla hujaamka nilikwenda kwake. Alikuwa anakata majani ya ng'ombe wake wawili. Nilijiandaa kwa matusi, nilijiandaa hata kwa fimbo, maana niliamini miaka yote kwamba anajua na ananichukia, na kwamba ukimya wake ni hasira. Nikamwambia kila kitu, nimesimama, kofia mkononi. Namba ya mlangoni. Mbili zinatosha. Hawa wana sindano. Maneno ya Dokta aliyonituma nikayameza.

Aliendelea kukata majani mpaka nikamaliza. Kisha akaweka panga chini, akakaa juu ya lile rundo la majani, akaangalia viganja vyake.

“Kwa hiyo si mimi,” alisema.

Alijua yote niliyofanya, mwanangu, alikuwepo. Asilojua ni lile moja tu, kwamba chupa ile haikuwa kitu. Mke wake akaniambia, tukiwa getini, kwamba tangu arudi shambani hajawahi kumgusa mnyama wa mtu. Ng'ombe wa majirani wanashindwa kuzaa, wenyewe wanakuja kumpigia magoti, anakataa, anasema mikono yake ina mkosi. Ile mikono. Nilidhani nimemharibia jina, na jina nilikuwa najidanganya kwamba litajirudia lenyewe. Kumbe nilimharibia mikono.

Nililia pale getini kwake mbele ya mke wake, sioni haya kukuandikia.

Lomayani alinifuata nje baadaye. Aliuliza kama Kahawa bado yupo. Nikamwambia yupo, amezeeka, amezaa mara mbili, na yule mtoto wake wa pili jina ulimpa wewe. Akauliza kama farasi wapya wanachanjwa siku hizi. Nikamwambia mwaka juzi walikuja watatu kwa lori, wamechoka vilevile, Dokta akawapa dawa ileile ya kuamsha kinga kwa siku zilezile, na walipopona nilipiga simu siku hiyohiyo, wakachanjwa, na saa kumi wako ndani mvua zikianza. Wote watatu wapo. Akatikisa kichwa, akasema vizuri. Kisha akauliza basi lako linaondoka saa ngapi.

Kwa hiyo usije ukaenda Morogoro ukaichukia ile sindano kwa sababu ya baba yako. Sindano haina kosa. Dokta ananiambia ukichukua damu ya farasi aliyepigwa sindano hiyo, kinga yake kweli inaonekana imeamka, ila imeamka kwa muda gani, na inamsaidia farasi kiasi gani, hapo wataalamu wenyewe bado wanabishana. Wako wanaoona faida na wako wasioona kitu. Nilipomsikia nilifurahi, nikasema basi kumbe bado kuna kazi imebaki ya mwanangu kufanya. Nenda ukajue. Utakapojua, uje unieleze kwa lugha ya ng'ombe, na safari hii nitasikiliza mpaka habari ya fisi.

Na usiidharau akili ya bomani pia, maana utakutana na vijana huko watakaokucheka ukitaja babu yako. Tuliyoyajua kuhusu ndama yalikuwa sahihi. Mimi niliyachukua nikampelekea mnyama mwingine na dawa nyingine bila kuuliza. Siku ukiona wanyama wawili, mmoja amekufa na mmoja amepona, na watu wote wanakutazama wewe uwaambie kwa nini, utatamani sana kuwa na jibu. Mimi nilitamani. Kusema sijui kungenichukua pumzi moja tu.

Najua ninachokunyang'anya. Ulikuwa unaondoka na baba aliyemponya farasi, sasa unaondoka na huyu. Nimeogopa kwamba utaniangalia kwa jicho jingine, na nimeogopa zaidi kwamba utaona safari yenyewe imejengwa juu ya uongo na utake kuiacha. Usiiache. Kilichokupeleka huko si sindano yangu. Nilikuwepo, nilikuona. Ulikuwa mtoto wa darasa la tano umekaa kwenye majani makavu na ndoo ya bluu, unamsubiri mnyama anywe maji, na hukuwa na jibu lolote wala hukujifanya unalo. Huyo ndiye anayekwenda kesho. Hilo hakuna aliyekudanganya.

Jumapili ijayo nitasimama palepale uliposimama, niseme niliyoyaandika hapa. Mchungaji nimeshamwomba nafasi. Makofi sitegemei. Mama mwenye shamba nitamwambia Jumatatu, na Dokta nimempigia leo saa tano. Namba yake naijua kwa kichwa. Alisema afadhali, kisha akauliza habari zako.

Nasikia geti la jirani, nadhani ni wewe, hapana, ni mwingine. Basi nimalizie.

Kesho asubuhi stendi utamkuta mtu mrefu mwenye kofia ya sufu ya kijivu, amesimama kando, hataki kusumbua. Amesema atakuja kumuaga mtoto wake. Hatakusogelea, maana ameshazoea kupitwa. Atakuwa ameweka mikono mfukoni.

Kwa hiyo mwendee wewe. Mbele ya abiria wote, wacha washangae, binti mzima wa chuo kikuu. Mpe shikamoo yake, kisha uinamishe hicho kichwa kilichosukwa leo, usubiri. Pengine itamchukua muda kutoa mkono. Wewe subiri. Basi nitalizuia mimi.

Baba yako